Uchungu Baada ya Uchungu: Haki ya Mzazi Katika Bima ya Afya

Alasiri moja, mwezi mmoja hivi baada ya Idi, kijana mmoja wa mtaa wetu hapa Mombasa alituomba tukae naye kando barazani mwa msikiti. Ni dereva wa tuktuk, mtu wa safu ya mbele katika sala ya Alfajiri, na hakuwa amewahi kuikaribia baitulmali yetu ila kwa kutia sadaka. Mkononi alikuwa na bahasha. Ndani yake mlikuwa na karatasi ya gharama za hospitali, na chini ya karatasi hiyo jumla ambayo yeye, kwa kazi yake, angehitaji miezi kadhaa kuikusanya.

Mkewe alikuwa amejifungua salama wiki tano kabla. Siku ya saba akika ilichinjwa, nasi tulialikwa, tukala na kuomba dua. Wiki ya pili mzazi akaanza kukosa usingizi hata pale mtoto alipolala. Wiki ya tatu akaacha kula, akawa analia bila ya kisa, na akasema kwa sauti ya chini kwamba mtoto wake angepata heri zaidi kwa mama mwingine. Jamaa wakasema amehusudiwa. Akaitwa mganga, akachukua shilingi elfu nane kwa safari mbili, na hali ikazidi. Mwishowe mama mkwe wake akamfunga buibui, akampeleka hospitali, akalazwa siku sita. Huko dirishani karani alipoingiza nambari ya kitambulisho cha mume, jawabu lilikuwa fupi: jina limo, mchango haujalipwa. Alipotoka, familia ilibaki na deni, na dawa za siku chache tu.

Kijana alitaka kujua jambo moja. Je, msikiti una fungu la ugonjwa kama huu?

Hatukuwa nalo. Katika kikao cha kamati usiku ule mmoja wetu aliuliza: huu ni ugonjwa, au ni upungufu wa imani? Hakuna aliyemjibu sawasawa, nasi tukaakhirisha. Kikao kilichofuata kilikuwa baada ya siku nane. Katika siku nane hizo dawa zilikwisha, na mama mkwe akawa analala ameziba mlango wa chumba kwa mwili wake, kwa kuhofia mzazi asitoke usiku. Tulipokwenda kuwaona tulimkuta bibi yule hapo mlangoni, juu ya mkeka, tasbihi mkononi. Hakutulaumu. Lakini tulijua kwamba swali letu lilimgharimu usingizi wa siku nane, na lingeweza kumgharimu mkaza mwana.

Makala haya tunayaandika kwa sababu ya siku nane hizo. Tumeuliza kwa masheikh, kwa wauguzi na kwa watu wa bima, na tuliyoyapata twaona ni amana kuyafikisha kwa kila nyumba yenye mjamzito au mzazi.

MARADHI YENYEWE

Hapa Pwani neno mzazi lina maana ya mwanamke aliyetoka kujifungua, na mzazi alikuwa na heshima yake. Katika siku zake arobaini alikandwa kwa maji ya moto, akafungwa tumbo, akanyweshwa uji wa pilipili manga, na hakuachwa peke yake hata saa moja. Mama, shangazi na somo walimzunguka. Wazee wetu hawakuwa na jina la kitabibu la huzuni ya mzazi, lakini walikuwa na kinga yake: watu. Leo mzazi yuko katika chumba cha kupanga Kisauni au Likoni, mamake yuko Lamu au Kwale, mumewe atoka Alfajiri na kurudi Isha. Siku arobaini zimebaki katika hesabu, ila wale waliozijaza hawapo.

Wauguzi walitueleza kwamba hali za mzazi ni tatu, na ni muhimu tusizichanganye. Ya kwanza ni unyonge na machozi ya siku za mwanzo, ambayo huwapata wazazi wengi na huondoka yenyewe ndani ya wiki mbili hivi kwa mapumziko na huruma. Ya pili ni sonona, ambayo wengine huiita unyogovu: huzuni isiyoondoka, kukosa usingizi na hamu ya kula, kujiona si kitu, kutovutwa na mtoto, au wasiwasi usio na mwisho juu yake. Hii yaweza kuanza hata wakati wa mimba, na yaweza kujitokeza wakati wowote katika mwaka wa kwanza. Ya tatu ni ya nadra, mmoja au wawili katika kila wazazi 1,000: mzazi hupotewa na akili, husikia sauti au kuamini mambo yasiyokuwapo, mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza. Hiyo ni dharura ya kukimbizwa hospitali usiku huohuo, kama vile damu inayomwagika.

Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba duniani kote mwanamke mmoja hivi katika kila wajawazito 10, na 13 katika kila wazazi 100, hupatwa na maradhi ya akili, na zaidi ni sonona. Katika nchi zinazoendelea idadi ni kubwa zaidi: karibu 16 katika wajawazito 100, na karibu 20 katika wazazi 100. Msomaji ahesabu wazazi anaowajua mtaani mwake mwaka huu. Kati ya kila watano, huenda mmoja analia peke yake.

Tena kuna jambo linalowahusu waumini hasa. Mzazi aliye katika nifasi hasali wala hafungi, na muda huo kwa kawaida ni siku arobaini, na katika madhehebu yetu ya Shafii huweza kufika sitini. Yule aliyezoea kutulizwa na sajda hujikuta ameikosa wakati anapoihitaji zaidi. Asipoambiwa kwamba dhikri na dua hazikukatazwa, hudhani ametengwa na Mola wake. Nasi wa msikitini, kwa kuwa hatumuoni safuni, hatumuulizi.

MARYAM CHINI YA MTENDE

Kwa ndugu yetu aliyeuliza kama huu ni upungufu wa imani, sheikh wetu alijibu kwa kutukumbusha Surat Maryam. Mwanamke aliyetakaswa na kuteuliwa juu ya wanawake wa ulimwengu aliposhikwa na uchungu aliegemea shina la mtende, na akatamani lau angalikufa kabla ya hapo na kusahauliwa kabisa. Qur'ani haikuficha maneno hayo. Na jawabu aliloletewa halikuwa karipio. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa kijito cha maji, akaangushiwa tende mbivu, akaambiwa ale, anywe na atulize jicho lake. Alihudumiwa kwanza, mwili na moyo, kisha ndipo akarudi kwa watu wake.

Vivyo hivyo mamake Nabii Musa (a.s.), ambaye Surat al-Qasas yatwambia moyo wake ulibaki mtupu baada ya kumtia mwanawe mtoni, hata akakaribia kuidhihirisha siri, lau si Mwenyezi Mungu kuutia nguvu. Ikiwa nyoyo za wanawake hawa zilifika hapo, ni nani wetu atakayethubutu kumwambia mzazi wa Kisauni kwamba anaumwa kwa kuwa hana imani?

Tena Mtume wetu (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu, akatufundisha kwamba kila maradhi yana dawa. Hakutoa maradhi ya akili katika kauli hiyo. Ruqya ya kisheria ni haki, nasi hatuipingi, bali twaisoma. Lakini mwenye homa ya malaria husomewa na hupewa dawa, wala hakuna aonaye kuwa kimoja chakivunja kingine. Na dawa za sonona zipo ambazo daktari aweza kumwandikia hata mama anayenyonyesha. La muhimu ni kumwambia daktari kwamba ananyonyesha, na kutoacha dawa ghafla bila ya shauri lake.

YALIYOBADILIKA KATIKA BIMA

Wengi wetu bado tunaishi katika fikra ya zamani, kwamba uzazi ni bure. Na kweli, tangu Juni 2013 serikali ya Kenya iliondoa malipo ya kujifungua katika hospitali za umma, na kuanzia 2016 ukaja mpango wa Linda Mama, ambapo mjamzito aliandikishwa bila ya kulipa mchango wowote. Mpango huo umekwisha. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 ilileta Mamlaka ya Afya ya Jamii, hii tuiitayo SHA, iliyoanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024 mahali pa bima ya taifa ya zamani.

Chini ya utaratibu huu mpya mifuko ni mitatu. Mfuko wa huduma za msingi hulipia matibabu ya zahanati na vituo vya afya, na humo aliyejiandikisha hutibiwa bila ya kutakiwa mchango. Mfuko wa bima yenyewe hulipia hospitali, pamoja na kujifungua na kulazwa, na huu hufungua mlango kwa waliolipa tu. Wa tatu ni wa dharura na maradhi sugu na mazito, ambao hushika pale fungu la bima linapomalizika.

Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Asiye na mshahara huulizwa maswali juu ya hali ya nyumba yake, hupangiwa mchango, na hutakiwa aulipe wa mwaka mzima. Hapa ndipo aliponaswa kijana wetu, na hapa ndipo wanaponaswa wavuvi, mama ntilie, makuli na wachuuzi wengi wa mji huu. Walijiandikisha, wakapata ujumbe kwenye simu, wakadhani wamemaliza. Kujiandikisha ni nusu ya safari. Siku ya uchungu mlango wa hospitali haufunguliwi kwa shilingi 300 za mwezi mmoja.

Tufanye hesabu pamoja. Shilingi 300 kwa miezi 12 ni shilingi 3,600. Aliyepangiwa kiwango cha chini, huo ndio mchango wake wa mwaka kwa nyumba nzima: mume, mke na watoto. Mganga alichukua 8,000 kwa safari mbili. Kijana yule hakukosa fedha. Alikosa mtu wa kumwambia mapema ziende wapi.

Na je, maradhi ya akili yamo? Yamo. Katika orodha ya huduma za SHA imo huduma ya afya ya akili, na mgonjwa wa akili hulazwa kwa bima kama mgonjwa mwingine, madhali hospitali ina mkataba na SHA na mchango umelipwa. Hapa Mombasa hospitali ya Port Reitz ina kitengo cha maradhi ya akili tangu zamani. Hata asiyelipa mchango ana pa kuanzia: zahanati na kituo cha afya cha karibu, alikokuwa akienda kliniki ya mimba. Muuguzi wa kliniki aweza kumuuliza maswali machache juu ya hali ya moyo wake. Mojawapo ya maorodha yanayotumika duniani ni lile la Edinburgh, lililochapishwa 1987, lenye maswali 10 tu juu ya siku saba zilizopita. Halihitaji mashine wala damu. Lahitaji mtu wa kuuliza, na mzazi asiyeogopa kujibu.

SHERIA WENGI HATUKUIJUA

Waislamu walioajiriwa mashuleni, bandarini na katika makampuni huwa na bima za binafsi juu ya ile ya serikali. Mwalimu mmoja, dada yetu wa darsa ya Jumamosi, alitupa ruhusa ya kusimulia yaliyompata. Alipata sonona katika mwezi wa saba wa mimba. Kampuni ya bima ilikataa kulipa, ikasema maradhi ya akili hayamo katika fungu la uzazi. Mumewe akakubali, kwa kuwa karatasi ilikuwa na muhuri.

Ni binti yao wa chuo aliyewafungua macho. Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya tangu 1989 ilikataza kampuni kuuza bima ya maradhi inayoyatoa nje au kuyabana matibabu ya akili. Na mabadiliko ya sheria hiyo yaliyopitishwa 2022 yalitamka kwamba mtu mwenye maradhi ya akili ana haki ya kupata bima ya matibabu, ya umma au ya binafsi, na kwamba kampuni haina ruhusa ya kumbagua. Juu ya hayo yote ni Katiba ya 2010, ambayo kifungu chake cha 43 champa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na kimeitaja afya ya uzazi kwa jina lake.

Mwalimu aliandika barua ya ukurasa mmoja, bila ya matusi, akataja sheria na mwaka wake, akaomba ajibiwe kwa maandishi. Wiki tatu baadaye kampuni ililipa gharama za daktari. Za mshauri nasaha hazikulipwa zote, na bado anazifuatia. Hatusemi kwamba kila barua itafaulu. Twasema kwamba asiyeandika amekwisha kukataliwa.

AIBU HUTANGULIA KAMPUNI

Lakini twataka tuseme ukweli wetu wenyewe. Katika visa tulivyovisikia, mzazi alinyimwa haki na watu wake kabla hajanyimwa na karani yeyote.

Katika nyumba moja tuliambiwa kwamba jamaa walimsihi daktari aandike shinikizo la damu, ili jina la ugonjwa wa akili lisionekane kwenye karatasi na mdogo wake mzazi asikose mchumba. Dawa zilipofika dirishani hazikulingana na maradhi yaliyoandikwa, na dai likakataliwa. Mbali na hasara, hilo ni neno la uongo kwenye hati, na Muislamu halitaki. Ugonjwa uandikwe kwa jina lake. Bima hulipa kilichoandikwa, wala haiwezi kulipa siri.

Wengine waliogopa sheria. Mzazi aliyejaribu kujidhuru hakupelekwa hospitali kwa kuhofia polisi, kwa kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu mkosaji. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho chapingana na Katiba. Nasi twajua hukumu ya dini yetu juu ya kuiondoa nafsi, haikubadilika. Lakini twajua pia kwamba kalamu huondolewa kwa aliyepotewa na akili, na kwamba mgonjwa hupelekwa kwa tabibu. Mzazi akitamka maneno ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupigwa bila malipo kwa anayetaka kusikilizwa na kuelekezwa.

JE, BIMA YAFAA KWA MUISLAMU?

Wako ndugu waliojizuia na bima kwa hofu ya riba na gharari, na hofu hiyo ni ya mtu mcha Mungu, si ya kuchekwa. Tulilipeleka suala hili kwa masheikh wetu. Walitukumbusha kwamba Baraza la Fiqhi la Kimataifa, katika kikao chake cha Jidda mwaka 1985, lilitenganisha baina ya bima ya biashara, ambayo lilikataa mkataba wake, na bima ya ushirikiano inayosimama juu ya kuchangiana na kusaidiana, ambayo lilikubali. Mchango wa afya wa serikali, ambao wote wanatakiwa kuutoa na haukuwekwa kwa faida ya mwenye hisa, waliuona uko karibu na kuchangiana kuliko biashara. Na anayetaka bima ya ziada, tangu 2011 nchini mwetu iko takafuli. Mwenye shaka na mkataba wake mahususi na auchukue, ampelekee sheikh wake ausome. Asikae bila kinga kwa shaka aliyokuwa hajaiuliza.

Wala fikra ya kuweka mali pamoja kwa ajili ya mgonjwa wa akili si ngeni kwetu. Mnamo 1284 Sultani Qalawun alijenga hospitali mjini Kairo, akaiwekea wakfu wa kuiendesha, na humo mlikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili pamoja na wa homa na wa macho. Karne tatu kabla yake Abu Zayd al-Balkhi alikwisha kuandika kitabu juu ya maslahi ya miili na ya nafsi, akaeleza kwamba vyote viwili huugua na vyote viwili hutibiwa.

Mfano wa zama zetu uko Pakistani. Vijijini karibu na Rawalpindi wanawake wa kawaida wa huduma za afya, si madaktari, walifundishwa kuwatembelea majumbani wajawazito wenye sonona, kuwasikiliza na kuwasaidia kuona njia. Matokeo yalichapishwa 2008. Mtoto alipofika miezi sita, katika kundi lisilopata mafunzo hayo mama 53 katika 100 walikuwa bado na sonona. Katika kundi lililoyapata walikuwa 23. Hawa ni dada zetu, katika nchi ya adhana kama mitaa yetu. Kilichowafaa zaidi ni mtu aliyebisha hodi na kujua la kusema.

MAMBO YA KUFANYWA

Kwanza, mume alipe mchango kabla ya mimba, au mara tu mimba inapojulikana. Ahakikishe kwamba jina la mke limeingizwa na mtoto anaandikishwa mara anapozaliwa. Mwenye wake zaidi ya mmoja aulize mapema namna ya kumkinga kila mmoja, kwani uadilifu haukomi kwenye zamu na nguo.

Pili, mwenye bima ya kazini aulize maswali haya, na aombe majibu ya maandishi: matibabu ya akili yamo, ya kulazwa na ya kutolazwa? Yanahesabiwa katika fungu la uzazi au fungu lake peke yake, na ni kiasi gani? Kuna muda wa kusubiri baada ya kujiunga? Aliyewahi kuugua zamani anatendewaje? Mshauri nasaha analipiwa, na ni lazima kupata idhini kabla ya kumuona?

Tatu, mjamzito aliyewahi kuugua hivi katika uzazi uliopita, au ambaye katika ukoo wake yapo maradhi ya akili, amwambie muuguzi mapema. Uwezekano wa kurejea ni mkubwa, na maradhi yanayongojewa hupokewa vizuri kuliko yanayoshtukiza.

Nne, baba atumie ruhusa yake. Sheria ya Ajira ya 2007 yampa mama aliyeajiriwa miezi mitatu na baba wiki mbili zenye malipo. Wiki mbili hizo ni za kupika, kufua na kumbeba mtoto usiku ili mamake alale. Bwana Mtume (s.a.w.) alikuwa katika kazi za watu wa nyumbani kwake, na hakuna mume aliye bora kuliko yeye.

Tano, jukumu letu sisi wa misikiti. Kamati yetu imeamua mambo matatu. Kila Ijumaa baada ya sala vijana wetu wawili watakaa barazani na simu zao, kuwasaidia watu kujiandikisha na kujua kama michango yao i hai. Katika fungu la sadaka tumetenga sehemu ya kulipia mchango wa mwaka wa nyumba fukara zenye mjamzito, kwa uchunguzi wa siri. Na kina mama wa madrasa watamtembelea kila mzazi wa mtaa wiki ya pili, ya nne na baada ya arobaini, si kwa kumtazama mtoto tu, bali kumuuliza mzazi mwenyewe: umelala? Umekula? Moyo wako uko vipi?

Mwaka uliopita, tulipolifungua daftari letu la baitulmali, tulikuta tumesaidia akika, mazishi, karo na paa la madrasa. Mstari wa mzazi mgonjwa wa moyo haukuwapo, kwa kuwa hatukuwahi kudhani unahitajiwa. Mwaka huu uko, na wa kwanza kuandikwa ni yule mke wa dereva wa tuktuk. Deni la hospitali bado linalipwa kidogo kidogo. Mchango wa mwaka umelipwa, na siku za kliniki mumewe humpeleka mwenyewe kwa tuktuk yake kabla ya kuanza kazi. Mama mkwe amerudi kulala kitandani kwake. Mwenyewe alituma salamu kwa kamati, na ombi moja: tusiwaulize tena wagonjwa juu ya imani yao kabla ya kuwauliza kama wamekula.

Tumelipokea. Twamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wazazi wetu walio wagonjwa, awape subira wanaowauguza, na atujaalie sisi tuwe miongoni mwa wanaofika mapema. Amin.